Simu ya kisasa na bei ya data: Hesabu inayomkabili mnunuzi wa Migori na Homa Bay

KATIKA maduka ya simu ya Migori, Rongo, Oyugis na mji wa Homa Bay, bei iliyobandikwa kwenye kisanduku ndiyo inayotazamwa kwanza, na mara nyingi ndiyo inayoamua. Lakini bei hiyo ni sehemu tu ya pesa atakazotoa mnunuzi kabla simu yake haijazeeka. Sehemu kubwa zaidi hutoka kidogo kidogo, Sh20 leo na Sh20 kesho, kwa jina la data.

Suala hili si dogo katika kaunti hizi mbili ambazo, kwa mujibu wa sensa ya 2019, zilikuwa na watu 1,131,950 upande wa Homa Bay na 1,116,436 upande wa Migori. Wengi wao hutegemea uvuvi, miwa, tumbaku, uchimbaji wa dhahabu na biashara ndogo ndogo. Mapato ya kazi hizo hayaji kwa utaratibu kila mwisho wa mwezi. Kwa familia ya namna hiyo, kukosea katika kuchagua simu ni sawa na kukosea katika kuchukua mkopo: kosa hulipwa kwa muda mrefu.

Swali, basi, si simu ipi iliyo rahisi. Swali ni simu ipi, pamoja na data yake, mwenye nayo ataweza kuimudu hadi mwisho.

Bei ambayo haikushuka

Historia ya simu za kisasa nchini Kenya inatoa funzo la kwanza. Serikali iliondoa ushuru wa thamani ya ziada (VAT) kwenye simu za mkononi katika bajeti ya Juni 2009. Mwaka huo huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa na kufungua njia ya intaneti ya kasi na ya bei nafuu kuliko ile ya setilaiti. Mwanzoni mwa 2011 Safaricom ikaleta sokoni Huawei IDEOS, simu ya Android iliyouzwa kwa takriban Sh8,000. Kwa mara ya kwanza mwananchi wa kawaida aliweza kuiwazia simu ya kisasa kama kitu cha kununua, si cha kutazama mikononi mwa matajiri.

Nafuu hiyo ya kodi haikudumu. Sheria ya VAT ya 2013 ilirejesha ushuru wa asilimia 16 kwenye simu, na Sheria ya Fedha ya 2022 ikaongeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa zile zinazoagizwa kutoka ng'ambo. Kiwanda cha kuunganisha simu kilipofunguliwa Athi River mnamo Oktoba 30, 2023, simu zake mbili za kwanza za 4G, Neon Smarta na Neon Ultra, zilitangazwa kwa Sh7,499 na Sh8,999.

Kwa maneno mengine, baada ya zaidi ya miaka 12 mnunuzi aliombwa takriban kiasi kile kile cha shilingi. Ni kweli kwamba thamani ya shilingi ilikuwa imepungua, na kwamba simu ya 2023 ina kioo kikubwa na kasi ambayo IDEOS, yenye kioo cha inchi 2.8, isingeweza kuiota. Hata hivyo, yeyote aliyekuwa akingoja bei ya simu mpya ishuke hadi ifikie ile ya simu ya mulika mwizi amengoja bure. Ushindani wa kweli umehamia kwenye gharama ya kuitumia.

Nani anayeihitaji?

Kabla ya kulinganisha simu hii na ile, yapo maswali ambayo wauzaji hawayaulizi. Je, mnunuzi anaihitaji simu ya kisasa? Au mulika mwizi wake bado unamtosha?

Kuna mengi ambayo simu ya kawaida inayafanya bila data hata kidogo. M-Pesa, iliyoanzishwa Machi 2007, ilibuniwa kwa simu za aina hiyo. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, hufikiwa kwa kubonyeza *254#. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024, iliwaruhusu wananchi kujisajili kwa *147#. Mkulima wa Ndhiwa au mchuuzi wa omena wa Sindo anayetaka kutuma pesa, kupokea pesa na kupiga simu hapotezi lolote kwa kubaki na simu ambayo betri yake hukaa siku kadhaa.

Kwa upande mwingine, mambo yanayodai simu ya kisasa yanaongezeka kila mwaka. Mnamo Juni 30, 2023, serikali ilizindua huduma 5,000 kwenye jukwaa la eCitizen. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne huchagua kozi katika tovuti ya KUCCPS, na maombi ya ufadhili wa chuo kikuu pia hupitia mtandaoni. Vikundi vya wazazi, vyama vya akina mama na matangazo ya mazishi vimehamia WhatsApp, kiasi kwamba asiyekuwemo husikia habari baada ya watu kutawanyika.

Hapa panahitajika kutofautisha haja ya kila siku na haja ya mara moja moja. Anayehitaji eCitizen mara tatu kwa mwaka atahudumiwa kwa gharama ndogo zaidi katika saiba iliyo karibu kuliko kwa kununua simu na kuilisha data mwaka mzima. Lakini fundi, mwendeshaji bodaboda au mwuza samaki ambaye wateja wake humtafuta kwa picha na ujumbe wa WhatsApp anahitaji simu ya kisasa kama jembe la kazi. Kwake yeye, kuikosa ndiko ghali.

Gharama iliyojificha kwenye data

Chukulia mtu anayenunua kifurushi cha Sh20 kila siku. Kwa mwaka mmoja atakuwa ametumia Sh7,300, na kwa miaka miwili Sh14,600. Kiasi hicho ni karibu maradufu ya bei ya Neon Smarta ilipozinduliwa. Hivyo anayetumia saa nzima kubishania punguzo la Sh300 dukani, kisha akaacha simu yake ijipakulie chochote itakacho, ameokoa kijiko na kumwaga chungu.

Sehemu ya pesa hizo haiendi kwa kampuni ya simu. Ushuru wa bidhaa kwenye huduma za simu na data ulipandishwa hadi asilimia 15 mwaka 2018, ukafika asilimia 20 mwaka 2021, kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikaurudisha hadi asilimia 15. Juu yake hutozwa VAT ya asilimia 16. Kodi hizo mbili zikijumlishwa, katika kila Sh100 anazolipa mteja kwa data, takriban Sh25 ni za serikali. Chini ya kiwango cha 2021 zilikuwa Sh28. Mvuvi wa Mbita hulipa kiwango hicho sawa na mkurugenzi wa Nairobi.

Mtego mwingine ni muda wa kuisha. Vifurushi vinavyovutia zaidi kwa bei huwa ni vile vya saa moja, vya saa tatu au vya hadi usiku wa manane. Kwa mfano, kifurushi cha GB 1 kwa Sh20 kitakachoisha baada ya saa moja huonekana kuwa cha ajabu. Lakini mama aliye sokoni akitumia MB 80 tu kabla ya saa hiyo kwisha, kila MB imemgharimu senti 25. Lau angekuwa na data isiyoisha, hata kwa senti 20 kila MB, angelipa Sh16 na salio lingebaki. Aliyefaidi kifurushi cha saa moja ni kijana aliyekaa kitako akapakua filamu au masomo yake kwa mkupuo mmoja.

Safaricom ilianza kuuza data isiyo na muda wa kuisha mnamo Oktoba 2019. Hata hivyo, bei ya kila MB huwa juu kuliko ile ya vifurushi vya saa chache, na ndiyo maana wengi huipita. Kanuni ni rahisi: anayetumia data nyingi kwa wakati mmoja na anunue ya muda mfupi, anayetumia kidogo kidogo siku nzima na anunue isiyoisha.

Matumizi yenyewe pia yanatofautiana mno. Ujumbe wa maandishi wa WhatsApp ni tone. Video za mfululizo ni mto, na saa moja ya kuzitazama yaweza kumeza mamia ya MB. Simu ikiachwa isasishe programu zake kwa data ya mkononi, kifurushi cha siku huweza kwisha kabla mwenyewe hajafungua chochote. Android ina kitufe cha kubana data, na duka lake la programu linaweza kuagizwa kusubiri hadi simu ipate Wi-Fi. Marekebisho hayo mawili hayagharimu kitu.

Vipengele vyenye maana

Matangazo ya simu hupenda kuhesabu kamera. Kwa mnunuzi wa kipato cha chini, kamera ndiyo ya mwisho kwenye orodha. La kwanza ni nafasi ya hifadhi. Mfumo wa simu wenyewe huchukua sehemu kubwa ya hifadhi hiyo, na simu yenye GB 16 hujaa picha na sauti za WhatsApp baada ya miezi michache. Ikijaa huanza kukwama, na mwenyewe hudhani imeharibika.

La pili ni toleo la mfumo. WhatsApp iliacha kuhudumia simu zenye Android ya kabla ya toleo la 5.0 mwishoni mwa 2023. Simu iliyotumika inayouzwa kwa bei ya kutupa huenda ikawa nzima kwa umbo na mfu kwa kazi. Anayenunua mitumba ya simu na afungue WhatsApp mbele ya mwuzaji kabla hajatoa pesa.

La tatu ni masafa ya 4G, jambo ambalo ni nadra kutajwa dukani. Mitandao ya Kenya hutumia masafa ya 1800 MHz na 800 MHz kwa 4G. Masafa ya chini ya 800 MHz husafiri mbali zaidi kutoka kwenye mnara, na hivyo ndiyo yanayofaa vijijini, milimani na visiwani. Baadhi ya simu zilizoundwa kwa soko la Marekani, zinazoletwa na jamaa wa ughaibuni, hazina masafa hayo. Simu ya aina hiyo yaweza kuwa na kasi ya kupendeza katikati ya mji wa Migori, kisha ikarudi kwenye 3G au 2G mara tu mwenyewe anapofika kwao Nyatike.

La nne ni betri. Mahali ambapo stima haijafika au hupotea mara kwa mara, simu inayozimika saa nane mchana humlazimu mwenyewe kulipia chaji kwenye kibanda. Malipo hayo madogo ni data nyingine iliyojificha. La tano ni redio ya FM, ambayo kwa simu nyingi huhitaji tu waya wa masikioni. Anayesikiliza Radio Ramogi kwa FM hatumii data hata chembe. Anayeisikiliza mtandaoni hulipia kila dakika.

Bei nafuu ya data nayo haina maana bila mawimbi. Mwaka 2023 wateja wa Telkom katika sehemu mbalimbali za nchi walijikuta bila huduma baada ya minara kuzimwa kutokana na mzozo wa madeni na kampuni iliyoimiliki. Vifurushi vyao vilikuwa miongoni mwa vile vya bei ya chini zaidi. Anayetaka kuhamia mtandao wenye bei ndogo ana haja ya kuujaribu kwanza kwa laini ya pili, nyumbani, shambani na ufuoni, kabla hajaitupa ya kwanza.

Mpakani na ziwani

Jiografia ya kaunti hizi inaongeza mambo ambayo mnunuzi wa Nairobi hayafikirii. Isebania inatazamana na Sirari, na mawimbi ya minara ya Tanzania hayajui mpaka. Simu inayoruhusiwa kutafuta mtandao yenyewe huweza kuhamia upande wa pili bila mwenyewe kutambua, na data ya ugenini hutozwa kwa bei nyingine kabisa. Mpango wa Mtandao Mmoja wa Afrika Mashariki ulipoanza mwishoni mwa 2014, ulizijumuisha Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haikuwa miongoni mwa waanzilishi hao.

Kwa hiyo, kwa mfanyabiashara wa Kuria, nafasi mbili za laini ni kifaa cha kazi, si pambo. Safaricom na Vodacom Tanzania ziliunganisha huduma zao za M-Pesa Machi 2015, na pesa huvuka mpaka kwa simu. Lakini anayezungumza na wateja wa pande zote mbili bado huokoa zaidi kwa kuwa na laini ya kila upande. Muhimu ni kuzima data ya ugenini na kuchagua mtandao kwa mkono anapokuwa karibu na mpaka.

Ziwani, simu hugusa uhai. Mradi wa kikanda wa HIGHWAY, ulioanza 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulilenga kuboresha maonyo ya dhoruba kwa wavuvi wa Ziwa Victoria. Utabiri unaosambazwa kwa simu una faida pale tu simu inapokuwa na chaji, mawimbi na uwezo wa kustahimili maji. Mvuvi wa Rusinga, Mfangano au Muhuru Bay anayechagua kati ya kamera bora na betri kubwa hana haja ya kufikiri sana. Wengine hubeba mulika mwizi chomboni, umefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na kuiacha simu ya kisasa nchi kavu. Huo ni uamuzi wa busara.

Simu inayojifunga

Uamuzi mgumu kuliko yote ni wa malipo. Safaricom na Google zilianzisha Lipa Mdogo Mdogo Julai 2020, mpango uliomwezesha mteja kulipa Sh20 kwa siku baada ya kutoa arbuni. M-Kopa nayo huuza simu kwa malipo ya kila siku. Mipango hiyo imewafikishia simu watu ambao hakuna benki ambayo ingewakopesha. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini simu hizo zina kufuli: malipo yakikosekana, hujifunga.

Mfano ufuatao ni wa kuelezea tu, wala si bei ya kampuni yoyote. Simu ya Sh9,000 taslimu inauzwa kwa arbuni ya Sh1,500 na Sh35 kila siku kwa mwaka mmoja. Malipo ya kila siku yatafika Sh12,775, na jumla itakuwa Sh14,275. Mteja amelipa Sh5,275 zaidi, yaani zaidi ya nusu ya bei ya simu. Mtu huyo huyo akiweka Sh35 kila siku katika chama chake, angenunua simu hiyo taslimu baada ya takriban miezi minane na nusu.

Halafu kuna msimu. Kwa kawaida uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 ili samaki wazaane. Hizo ni siku 122. Kwa mfano huo huo, mvuvi au mchuuzi aliyenunua simu kwa mkopo mwezi Januari atadaiwa Sh4,270 katika kipindi ambacho ziwa limefungwa kwake. Simu ikijifunga mwezi Mei, atapoteza WhatsApp ya wateja wake wakati ule ule anapotafuta kibarua kingine. Mkulima wa miwa wa Awendo anayengoja malipo ya mavuno yuko katika hatari hiyo hiyo.

Haimaanishi kwamba mkopo ni mbaya kwa kila mtu. Mwendeshaji bodaboda anayepata pesa kila jioni, na ambaye simu itamwongezea wateja kuanzia siku ya kwanza, anaweza kuilipia bila kutetereka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe ni cha nani? Mnunuzi anafaa kujumlisha malipo yote, kuuliza kitatokea nini akikosa kulipa kwa mwezi mzima, na kuoanisha tarehe za deni na tarehe za mapato yake.

Wajibu wa serikali

Mzigo wote hauwezi kuachiwa mnunuzi. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2024 ilipanua mamlaka ya Benki Kuu ya Kenya ili isimamie wakopeshaji wasiochukua amana, wakiwemo wanaotoa bidhaa kwa mkopo. Kipimo cha sheria hiyo kitakuwa rahisi: je, mteja wa Kendu Bay ataonyeshwa jumla ya deni, kwa shilingi na kwa lugha anayoielewa, kabla hajatia saini? Na je, mkataba utaruhusu malipo kusimama wakati wa msimu uliofungwa na serikali yenyewe?

Pili, kuna mgongano wa sera. Serikali ile ile iliyohamishia huduma zake mtandaoni ndiyo inayochukua robo ya kila shilingi ya data na kutoza ushuru simu zinazoingia nchini. Ikiwa eCitizen ndio mlango wa ofisi ya umma, basi mwananchi analipa kodi ili aufikie mlango huo. Kuziondolea gharama ya data tovuti za huduma za serikali kungemfaa mkazi wa Nyatike kuliko ahadi nyingine ya simu ya bei ya chini.

Hadi hilo litakapotendeka, hesabu inabaki mikononi mwa mnunuzi. Na aijumlishe bei ya simu, data ya miaka miwili, chaji na riba, kisha aitazame jumla hiyo kando ya mapato ya mwezi wake mbaya kuliko yote. Simu itakayopita mtihani huo ndiyo yake. Isiyopita, hata ikiwa na kamera nne, na ibaki dukani.